Mvua Iliyosikika Simuni

Veronica Malimi aliiweka simu yake juu ya meza ya Inspekta Harieth Komba, akaisukuma mbele kwa kidole kimoja.

"Itaita," alisema. "Subiri tu, afande. Mchana huu ndipo wanapoanza."

Alikuwa mwanamke wa makamo, mkulima wa pamba na mahindi kutoka Sola, wilayani Maswa. Wiki iliyopita alikuja Bariadi, makao makuu ya mkoa, akaandika maelezo katika ofisi hii hii. Watu waliojiita wakusanya madeni wa kampuni ya Tulia Mikopo walikuwa wakimpigia kutwa, wakidai amekopa kwa simu na amegoma kurudisha. Walipoona hatetereki, wakaanza kuwapigia watu wake. Waliwapigia wakwe, majirani, katekista, wanakikundi wenzake wa kuzikana. Kila mmoja aliambiwa kwamba Veronica ni tapeli na kwamba alimwandika yeye kuwa mdhamini. Familia ya binti aliyekuwa aolewe na mwanawe ilikwisha kutuma mtu kusema haitapokea ng'ombe wa mwizi.

"Kwa nini usiizime?" aliuliza Koplo Raymond Damas, aliyekuwa amesimama kando ya kabati la majalada.

"Nikiizima watasema nimekimbia. Sijakimbia. Nipo."

Harieth alimtazama kidogo. Alikuwa Mngoni wa Songea, mwaka wa pili sasa Simiyu, na alikwisha kuona wadaiwa wengi kwenye kile kiti. Wengi huangalia chini. Huyu alikuwa ameinua kidevu.

"Nina habari mbili, mama," alisema. "Ya kwanza, shemeji yako."

Veronica alikaza midomo. Ndugu wote walimshuku Ferdinand, mdogo wa mumewe, kwa sababu ndiye aliyekuwa akishikashika simu ya kila mtu pale nyumbani. Walisema kakopa yeye kwa jina la shemeji yake, akakimbilia Kiloleli kuuza mitumba.

"Nilimfuata Kiloleli juzi," Harieth aliendelea. "Simu yake nimeikagua. Hakuna mkopo. Kuna meseji tu za watu hao hao wakimtukana yeye, kisha wakimwambia akuchangie. Amelipa mara mbili kimyakimya, akidhani anakusitiri. Sio yeye."

"Mungu anisamehe," Veronica alisema polepole. "Nilimfungia mlango."

"Ya pili ni kutoka Tulia Mikopo. Leo asubuhi wamejibu barua yetu. Hawakujui. Hawana mteja wa jina lako, wala wa kitambulisho chako, na hawajamtuma mtu yeyote Simiyu kudai deni."

"Kwa hiyo deni hakuna?"

"Hakuna, mama. Halijawahi kuwepo."

Veronica hakushangilia. Alifumba macho, akayafumbua. "Mume wangu ametoka alfajiri na maksai wetu wawili kwenda mnadani," alisema. "Anauza ili walipwe, tupumzike. Bila maksai hao, mwakani tunalima kwa mikono."

Kabla Harieth hajajibu, simu ikaita. Namba ilikuwa ngeni. Inspekta alifungua kinasa sauti katika simu yake mwenyewe, akailaza kando ya ile ya Veronica, akamwashiria apokee kwa sauti ya nje.

"Mwadila," alisema Veronica.

"Achana na salamu zako za porini!" Ilikuwa sauti ya kiume, changa, inayojilazimisha lafudhi ya Pwani. "Unaongea na afisa sheria, makao makuu, Posta, Dar es Salaam. Leo ndiyo mwisho. Jioni picha yako inarushwa kwenye magrupu yote ya Maswa, imeandikwa MWIZI. Na gari la kukamata ng'ombe limeshatoka."

"Baba, mimi sikukopa kwenu. Nilikwambia jana, nikakwambia juzi. Nionyesheni nilipotia sahihi."

"Sahihi ya nini? Kidole chako tunacho! Kidole kipo kwenye mfumo!"

Harieth aliandika neno moja kwenye karatasi, KIDOLE, akalipigia mstari. Chini yake akaandika: *Mcheleweshe.* Akaigeuzia karatasi kwa Veronica.

"Haya, baba," alisema Veronica kwa utulivu uleule. "Nimekuelewa. Sasa niambie unaitwa nani, nikikulipa nijue nimemlipa nani."

"Jina langu halikuhu…"

Sauti ikakatika. Badala yake kikasikika kitu kama kokoto zilizorushwa juu ya bati. Zikaja nyingine, zikaongezeka, mara zikawa ngurumo moja iliyojaza spika ya simu mpaka ikakwaruza. Mbali, nyuma ya ngurumo ile, mtu alipiga yowe: "Kunjeni turubai! Mpunga! Mpunga unaloa!"

"Nini tena hi…" alisema afisa sheria, sasa bila lafudhi ya Pwani hata kidogo. Simu ikakatwa.

Ofisini kulikuwa na jua. Lilikuwa limelala juu ya meza, juu ya mikono ya Veronica.

"Mtandao mbovu?" aliuliza Raymond.

Harieth alikuwa ameshafika dirishani. Magharibi ya mji, juu ya mapaa, wingu lilikuwa limesimama. Hakuwahi kuliona la namna ile. Lilikuwa jeusi lenye ukijani wa maji ya bwawa, na kutoka tumboni mwake liliteremka pazia jeupe hadi ardhini. Lilitoka upande wa Busega, upande wa ziwa, na lilikuwa linatembea. Nyumba moja ilikuwepo, mara haipo. Mnara wa simu ulikuwepo, mara haupo. Mlio wake uliwafikia kabla yake, na ulikuwa mlio uleule waliousikia punde tu simuni.

Upepo ulibamiza mlango wa mahabusu. Jua likazimwa mezani. Kisha mvua ya mawe ikatua juu ya kituo cha polisi.

Hakuna aliyesema neno, maana hakuna ambaye angesikika. Mawe ya barafu yalidunda uani, yakaruka hadi urefu wa kiti, yakajikusanya chini ya magari. Mahabusu walinyamaza. Askari wa zamu alisimama mlangoni ameshika kofia kifuani bila kujua kwamba ameivua. Veronica alikuwa ameinuka. Alisimama mbele ya dirisha, mikono imenyooka, akasema maneno machache ya Kisukuma yaliyoonekana mdomoni tu.

"Anasemaje?" Harieth alimpigia Raymond kelele sikioni.

"Anaisalimia," Raymond alijibu.

Ilipopita, ilipita yote kwa mara moja, ikielekea mashariki, na kimya ilichokiacha kilikuwa kizito. Uani palikuwa peupe. Harieth aliyaona haya yote, kisha akaona kitu kimoja zaidi. Kinasa sauti chake kilikuwa kinaendelea kunasa.

Alikirudisha nyuma, akakisikiliza mara moja, akampa Raymond.

"Ilianza kwake ndipo ikaja kwetu," alisema. "Wakati inampiga yeye, sisi tulikuwa juani."

"Labda na Posta kunanyesha, afande. Inatokea."

"Na Posta nako wanaanika mpunga?"

Raymond alikuwa mzaliwa wa Bariadi. Harieth aliona akili yake inatoka pale ofisini, inashuka barabarani, inakata kushoto.

"Mashine za kukoboa," alisema. "Upande ule ilikotokea kuna mtaa wenye mashine za mpunga, zimefuatana. Wanaanika nje, juu ya maturubai. Juu ya maduka kuna vyumba vya kupanga."

"Vingi?"

"Vingi sana, afande."

Harieth alimpigia Mkuu wa Polisi wa Wilaya, akamweleza. Mkuu alisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka kidogo bila ubaya.

"Mvua kwenye simu! Kazi nzuri, Harieth. Lakini hati ya upekuzi siitoi kwa mtaa mzima. Nipe mlango."

Waliondoka watatu, Veronica akiwa nao. Mji ulikuwa umegeuka. Barafu ilitapakaa barabarani, ikimulikwa na jua lililorudi, na mvuke mwembamba ulipanda kutoka kwenye udongo wa moto. Watu walitoka madukani kimyakimya wakitazama miguu yao. Mama mmoja alikuwa anajaza barafu kwenye beseni, anaionja, anacheka peke yake. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo mashine zote za mpunga zilikuwa zimezima, na mtaa ambao siku zote hunguruma ulikuwa kimya kiasi cha kusikia matone yakidondoka kutoka kwenye mapaa.

Upande wa kulia na wa kushoto yalisimama majengo ya ghorofa moja. Chini maduka na mashine, juu vyumba, kila kimoja na dirisha dogo lenye pazia.

"Tupige hodi mlango kwa mlango?" aliuliza Raymond.

"Tukipiga hodi ya kwanza, chumba cha kumi wanatumbukiza laini zote chooni." Harieth alimgeukia Veronica. "Mama, namba zinazokupigia, huwa ukiwapigia wewe wanapokea?"

"Hawapokei. Inaita tu, inaita mpaka inakata yenyewe."

"Hawazimi?"

"Hawazimi. Wanangoja wale wanaotaka kulipa, nadhani, wanawasiliana nao kwa meseji. Na si namba moja. Mimi nina zangu, katekista ana yake, mama mkwe wa mwanangu ana yake. Kila mtu pale Sola anatukanwa na namba yake."

Harieth alisimama pale alipokuwa, barafu ikimyeyukia kwenye viatu.

"Kila mtu na namba yake," alirudia. "Na zote ziko hewani muda huu. Zote ziko kwenye chumba kimoja." Alitoa simu. "Nani mwenyekiti wa kijiji chenu?"

"Mabula. Lakini, afande…" Kwa mara ya kwanza Veronica aliangalia chini. "Hawatakusaidia. Si kwa ajili yangu. Wamechoka kutukanwa kwa sababu yangu."

Mwenyekiti Mabula alipokea haraka, na alisema vilevile, ila kwa maneno marefu zaidi. Watu walikuwa na hasira. Kikundi cha kuzikana kilikuwa kimepanga kikao cha kumtoa.

"Mwenyekiti, nisikilize," alisema Harieth. "Kampuni haimjui Veronica. Nina barua yao yenye mhuri. Hajakopa hata senti, na nyinyi hamjawahi kumdhamini. Mmetukanwa na mwizi, mkamkasirikia aliyeibiwa."

Nyuma ya mwenyekiti walisikika ng'ombe wakilia.

"Hao ni maksai wake," alisema. "Nilikutana na mumewe njiani, nikamzuia. Niliona haya mwanaume mzima analia huku anaswaga ng'ombe. Unataka nini, Inspekta?"

"Kila mtu aliyetukanwa aje na simu yake. Nikikuambia sasa, kila mmoja apige ile namba iliyomtukana. Wote kwa pamoja. Wasikate."

"Nitagonga reli, waje kwenye ghala la ushirika. Wangapi watakuja, hilo Mungu ndiye anajua."

Wakasubiri chini ya kibaraza cha mashine. Mzee mmoja mkobozi alikuwa anakamua turubai lake lililolowa. Harieth alimuuliza, kama mtu anayepitisha muda, wapangaji wa juu ni watu gani. "Watu wa ofisi," alijibu. "Wanashinda ndani. Wanaongea tu." Chumba gani? Hakujua, ngazi ni nyingi.

"Wakija watano watatosha," Harieth alimwambia Veronica.

Veronica alikuwa ameikumbatia kanga yake kifuani.

Simu ya Harieth ikatetemeka. Ilikuwa ya Mabula. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na uvumi, uvumi wa watu wengi waliosimama karibukaribu na kuzuia pumzi.

"Tupo," alisema Mabula.

"Sasa."

Kwanza hapakuwa na kitu. Tone lilidondoka. Mbuzi alipita.

Kisha juu, upande wa kushoto, nyuma ya pazia la bluu, simu iliita. Mlio wa kawaida, wa simu ndogo ya bei nafuu. Ikaita ya pili, yenye kwaya. Ikaita ya tatu, ya nne juu ya ya tatu, na baada ya hapo hapakuwa tena na kuhesabu. Zilifunguka zote. Filimbi, ngoma, taarabu, kengele, jogoo wa kutengenezwa, zikapandana na kujaa chumba kile mpaka zikamwagika dirishani na kuteremka mtaani. Mtaa mzima uliinua uso. Yule mama aliweka beseni lake chini. Mzee mkobozi aliacha kukamua turubai, maji yakimtiririka kwenye viwiko. Raymond, aliyekuwa na mkono kwenye pingu, aliusahau hapohapo.

Milio haikupungua. Moja ilipokata, nyingine mbili zilishika nafasi yake. Kijiji kilichokuwa mbali na pale, nyuma ya mashamba na mabonde, kilikuwa kimeingia kwenye chumba kimoja cha Bariadi na kilikuwa hakitoki. Harieth alikuwa polisi wa miaka mingi. Alihisi nywele za mikono zinamsimama, akaziacha zisimame.

Alimpigia mkuu wake, akaiinua simu kuelekea dirishani.

"Afande, mlango nimeupata."

"Ni kelele gani hiyo?"

"Ni Sola, afande."

Mkuu alisikiliza. "Ingia," alisema. "Hati naileta mwenyewe."

Walipanda ngazi. Raymond hakuhitaji kuvunja kitu. Mlango ulifunguliwa na binti aliyekuwa akitaka kukimbia milio, mikono masikioni, akaangukia kifuani mwa koplo. Ndani kulikuwa na meza ndefu, na juu yake simu, safu kwa safu, zikiwaka, zikitetemeka, zikisogea zenyewe kuelekea ukingoni. Moja ilidondoka sakafuni ikaendelea kuita. Kijana mwenye shati jeupe alikuwa ameinama akizizima moja baada ya nyingine, jasho likimtoka, na kila aliyoigusa jirani yake iliwaka.

"Mikono juu ya kichwa," alisema Harieth. "Hivyo ni vielelezo. Unaitwa nani?"

"Method. Afande, sisi ni wakusanya madeni tu. Kama kuna mgogoro wa deni, tunaweza kukaa mezani tukaelewana."

"Deni la kampuni gani?"

"Tulia."

"Tulia wanasema hawakujui."

"Kuna wakala wa katikati…"

"Jina lake?"

Method alilamba midomo. Kwenye kona, juu ya boksi la laini ambazo hazijafunguliwa, kulikuwa na kifaa kidogo cheusi chenye kioo cha kijani, kile cha kuchukulia alama za vidole.

"Ni huyu," alisema Veronica kutoka mlangoni. Hakuwa amepandisha sauti, lakini ilisikika katikati ya milio yote. "Alikuja kwetu siku ya gulio, ana mwavuli wa kusajili laini. Aliniambia kidole cha kwanza hakikushika, nirudie. Halafu akakaa na simu yangu muda mrefu, ati ananiwekea intaneti."

"Kidole cha kwanza kilikuwa cha laini yako," alisema Harieth. "Cha pili kilikuwa cha laini yake, aliyoisajili kwa jina lako. Na alipoishika simu yako alijichotea majina ya watu wako wote. Wangapi wengine, Method?"

Method alikitupia jicho kile kifaa cheusi.

"Nimekuuliza. Wangapi walirudia kidole?"

"Karibu wote," alisema Method. "Wote waliokuja."

Raymond alimfunga pingu. Mabinti wawili waliketishwa ukutani, mmoja akilia kwamba aliambiwa ni kazi ya halali, analipwa kwa kila mtu aliyemliza. Milio iliendelea. Sola hawakuwa wameambiwa waache, na hawakuacha.

Veronica alisogea mezani. Aliitazama simu moja iliyokuwa ikiita mbele yake.

"Naruhusiwa?" aliuliza.

Harieth alisita. Kisha akatoa glavu mfukoni, akamvisha mwenyewe.

Veronica alipokea, akaweka sauti ya nje. Sauti ya mwanamke ililipuka, Kiswahili na Kisukuma vikigombania njia.

"Umepokea, mbwa wewe! Sasa nisikilize na wewe! Veronica ni wetu! Ukimpigia tena, ukimtaja tena kwa mdomo wako, umetupigia sisi wote, umesikia? Yule mayu, mama yule, ndiye aliyemshika mwanangu anazaliwa! Mwizi ni wewe! Unasikia? Mbona husemi?"

Veronica aliishika simu kwa mikono yote miwili.

"Ni nani?" Harieth alinong'ona.

"Joyness. Jirani. Tangu Pasaka hajanisalimia." Akainamia simu. "Joyness. Ni mimi."

Upande wa pili kikasikika kilio, na nyuma ya kilio sauti ya Joyness ikiwapigia kelele wenzake, "Ni yeye! Amepokea yeye mwenyewe!" na uvumi wa lile ghala la ushirika ukapasuka kuwa vigelegele.

Veronica aliiweka ile simu chini taratibu. Nyingine ilikuwa inaita. Aliipokea. "Ni mimi," alisema. "Wabeja, asante. Ni mimi." Akaiweka, akachukua ya tatu.

Raymond alikuwa amefungua mifuko ya vielelezo. Utaratibu ulitaka simu zizimwe, ziandikwe, zifungwe kwa lakiri, na Mkuu wa Polisi wa Wilaya alikuwa njiani. Alimtazama Inspekta, akingoja amri.

Harieth alizitazama zile simu zilizobaki, meza nzima, zikiwaka na kuita, kila moja na mtu wake. Akavuta kiti kilichokuwa cha Method, akakiweka nyuma ya Veronica, akamgusa bega ili aketi.